Mvinyo wa Zambarau na Kiti cha Baba

Jumapili, 3 Agosti

Nimechoka, na mambo hata hayajaanza.

Wakwe wanakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Watatoka Kapsabet kuja kumposa binti yetu Cindy. Kijana anaitwa Sydney. Anafanya kazi hotelini Naivasha, na kazi yake, haki ya Mungu, ni kuwamiminia wageni mvinyo! Analipwa kwa hilo! Mimi nimetengeneza mvinyo miaka yote hii hapa Shianda na sijawahi kupata hata asante.

Baada ya kanisa tulikaa sebuleni kwangu kupanga. Kaka yangu mkubwa, Osiako, akakohoa, akasema siku hiyo ingefaa yeye ndiye akae kwenye kiti cha baba. Kiti changu! Siku ya binti yangu! Alisema si kwa ubaya, ni kwa usalama tu. Wote wakatazama sakafu. Najua walikuwa wanafikiria nini. Walikuwa wanafikiria harusi ya mtoto wake mwaka jana, ambapo mvinyo wangu wa mapera ulifyatua kizibo katikati ya maombi, kikampata pasta kwenye miwani. Pasta nilimnunulia miwani mingine, akanisamehe. Osiako hajasamehe mpaka leo, na miwani yenyewe haikuwa yake.

Kiti hawakukiamua. Kinywaji ndicho walichokiamua haraka. Wazee watakunywa busaa ya Muhonja, jirani yetu. Hakuna aliyeniuliza. Pipa zima la mvinyo wa zambarau limekaa stoo kwangu tangu Januari, linakomaa kwa heshima zake, halafu watu wanaagiza uji uliochacha!

Kisha Ayuma, mke wangu, akapakua kuku. Firigisi ni ya mwenye boma, kila mtu huku kwetu anajua. Leo ilienda kwenye sahani ya Osiako. Ayuma alisema ni kwa sababu Osiako ni mgeni. Mgeni gani anayekaa ng'ambo ya shamba la miwa? Nilipewa shingo. Nikaila.

Jumanne, 5 Agosti

Dukani hakuna mtu. Mimi ni fundi wa redio, na siku hizi watu hawana redio za kuharibika. Nikakaa nikisoma habari za mvinyo kwenye simu. Kumbe Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mara mbili! Sisi tuna mvua, tuna udongo, tuna sukari nguru inayopikwa papa hapa, na bado tunajulikana kwa miwa peke yake. Nilihuzunika mpaka saa ya chakula.

Jioni nilionja lile pipa. Nilionja kama inavyotakiwa: glasi safi, mwanga nyuma yake, unazungusha, unanusa, halafu ndiyo unatia mdomoni. Rangi: joho la askofu. Harufu: tunda lililoiva, moshi kidogo, na kwa mbali sana ndala mpya. Ladha: inaingia kwa adabu, inakaa, halafu inashuka ikikwaruza. Kwa jumla huu ndio mvinyo bora niliowahi kutengeneza. Sijisifu. Iliyotangulia yote ilikuwa siki.

Nilimwambia Ayuma nimeacha glasi mezani ili mvinyo upumue. Alisema ukapumulie nje, humu ndani tunapumua sisi.

Mpango ni huu. Sydney auonje, mara moja tu. Huyo ni mtu anayejua. Akitamka mbele ya watu kwamba baba mkwe ametengeneza mvinyo wa kweli, Osiako atafunga mdomo mpaka Krismasi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilianza na Osiako mwenyewe. Nilijiambia nikimpata yeye nimekipata kiti. Nikamwita dukani, nikamfutia vumbi kigoda, nikammiminia. Nikamweleza kwamba waonjaji wa kweli hawamezi. Wanasukutua, wanatema kwenye ndoo.

Aliniuliza kama nasikia ninachosema. Alisema mzee wa umri wake hutemanga mate kwa sababu moja tu, kumbariki mtoto. Sasa hapa anambariki nani, redio? Nikamwambia dunia nzima ndivyo inavyofanya. Akasema dunia nzima haikulelewa na mama yetu. Akameza. Akakohoa. Akaomba maji.

Nilimuuliza kama amezisikia zambarau nyuma ya ulimi. Alisema hakusikia zambarau, alisikia baridi. Kinywaji cha mzee kinakuwanga moto, akasema. Yeye busaa yake huongezewa maji ya birika mpaka mrija unachoma mdomo. Hiki cha baridi niwape wenye homa.

Akaondoka. Akapitia nyumbani kwangu kumweleza Ayuma habari za ndoo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilifikiria maneno ya Osiako kutwa ya jana. Nikagundua kosa. Hakuupenda kwa sababu haukuwa baridi ya kutosha! Ulikuwa vuguvugu la dukani. Mvinyo wa vuguvugu haumpendezi mtu yeyote.

Friji sina. Kisima ninacho. Asubuhi nilijaza mvinyo kwenye chupa, nikazifunga kwenye kamba, nikazishusha taratibu mpaka majini. Kazi safi. Nilijipongeza, nikaenda zangu kunyoa ndevu.

Ayuma akaja kuteka maji ya kufua. Ndoo ikashikana na kamba. Akavuta. Akavuta tena, kwa sababu Ayuma si mtu wa kuachia kitu njiani. Nilisikia chupa zikigongana kule chini, halafu nikasikia jina langu lote, mpaka la ubatizo.

Maji ya kisima sasa yana rangi ya zambarau na vioo. Nguo nyeupe hazijafuliwa. Tumeteka maji kwa Muhonja, na mimi ndiye niliyebeba mitungi, mbele ya watu waliokuwa wanatoka sokoni. Muhonja aliuliza kama kisima chetu kimelewa. Yeye huniita Baba Chupa. Alicheka mpaka akaketi chini. Nilimwambia asante kwa maji. Ningesema nini kingine?

Jumapili, 10 Agosti

Ayuma hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Alingoja nimalize chai. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kiti ni changu, na atanitetea kwa ukoo mzima, kwa sharti moja. Siku ya wakwe hataki kuona chupa yangu hata moja. Akiona moja tu, Osiako anakaa, na mimi nitakaa nje na wapishi. Akanitaka niape. Cindy alikuwepo. Alifika jana kutoka Nairobi, akakuta tunateka maji kwa jirani.

Cindy hakunilaumu. Aliniambia hataki kitu kingine siku ile. Anataka akiingia sebuleni anione pale. Watu wa Sydney watauliza baba ni yupi, naye asije akalazimika kumwonyesha baba mkubwa, kisha aanze kueleza.

Woi. Iliniingia. Nikaapa, na nikaapa kwa moyo wote. Yule mtoto nilimbeba mgongoni mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekaa mbele ya pipa langu. Sijaonja.

Nimeonja. Umezidi kuwa mzuri. Inasikitisha sana.

Muhonja tangu asubuhi anakaanga unga wake uliochacha kwenye bati kubwa, na harufu imevuka ua. Kila apitaye barabarani anasimama, anamsalimia, anamsifu. Harufu ya stoo yangu haijawahi kumsimamisha mtu yeyote, isipokuwa yule afisa wa afya ya jamii.

Sydney atakuja, atakunywa uji wa Muhonja, atarudi Naivasha. Hatajua kamwe kwamba baba ya mke wake ni mtu anayejua mambo. Kwake nitakuwa mzee wa kijijini mwenye shati la kuazima.

Baadaye.

Ayuma alisema chupa. Nimekumbuka vizuri sana. Hakusema mvinyo. Alisema hataki kuona chupa. Birika je? Birika si chupa! Mtoto wa nasari anajua birika si chupa!

Mpango mpya. Mazungumzo yakishakwisha na kila mtu amefurahi, nitainuka kwenye kiti changu polepole, nitaleta birika, nitamimina kwenye glasi ndogo. Sydney kwanza. Kiapo kitakuwa kizima, kiti changu, mvinyo midomoni mwa watu. Sioni kasoro.

Ijumaa, 15 Agosti

Mvua. Osiako amekuja kukikalia kiti. Alisema anakagua kama miguu ni mizima. Alikagua mpaka chai ya saa kumi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika jioni. Mkono mzito.

Alfajiri nilijaza mabirika mawili makubwa meusi, yale ya matanga, nikayaficha nyuma ya jiko karibu na kuni, nikayafunika kwa majani ya migomba. Ayuma alinikagua kabla wageni hawajafika. Alitazama chini ya kiti, nyuma ya pazia, ndani ya koti. Hakukuta chupa. Akanishika mkono akanikalisha mwenyewe. Alininyooshea kola pia. Muda mrefu hajaninyooshea kola.

Wakaja. Baba yake Sydney ni mzee arap Birech, mrefu, mkimya, amevaa kofia hata ndani. Msemaji wao ni shangazi yake Sydney, Mama Chelimo, ambaye akikutazama hapepesi macho. Walileta mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu chenye shanga. Sydney alinisalimia kwa mikono miwili. Aliniita Baba. Mimi! Cindy akaingia, macho yake yakaenda kwenye kiti moja kwa moja, akaniona, akashusha pumzi. Niliiona kabisa ile pumzi.

Mazungumzo yalikuwa ya ng'ombe. Osiako, msemaji wetu, akataja idadi, Mama Chelimo akapunguza. Osiako akarudisha, Mama Chelimo akapunguza tena, akakunja mikono. Mwisho wakakwama. Nilikuwa nimeagizwa nisifungue mdomo, na sikuufungua. Mtu akasema tupumzike. Watu wa kanisa wakapewa chai. Wazee wakasogea kwenye chungu cha busaa katikati ya sebule, Muhonja mwenyewe akagawa mirija. Mwenye boma huvuta kwanza, nami nikavuta kwanza. Busaa yake ni nzuri. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Chungu kikapoa. Osiako akaita maji moto.

Aliyekuwa anasimamia jiko ni Awinja, mdogo wake Ayuma. Akatokea na birika linalofuka. Alikuwa na furaha. Alituambia sote kwamba alikuwa ameishiwa maji, tunajua shida ya kisima, kumbe kuna mtu mwema alijaza mabirika mawili akayaweka karibu na kuni. Akayabandika motoni moja kwa moja bila hata kufungua kifuniko.

Nilitaka kusimama. Nikisimama nitasema nini? Nikisema, kiti kimekwenda. Awinja akainamisha birika. Akamimina lote.

Harufu ilinifikia. Zambarau, sukari nguru, moshi. Mvinyo wangu! Niliouangalia tangu Januari! Umechemshwa kama supu ya kwato! Umemwagwa ndani ya uji!

Wazee wakavuta. Osiako aliuachia mrija, akafumba macho. Nikajisemea yamekwisha, nikaanza kujiandaa kwenda kukaa na wapishi.

Osiako akatangaza kwamba tangu azaliwe hajawahi kunywa busaa kama hii.

Mzee arap Birech, ambaye hakuwa amesema neno kutwa nzima, akasema neno. Ongeza. Awinja akaleta birika la pili. Mama Chelimo, aliyekuwa ametuambia yeye haonjangi pombe, akaomba mrija auguse tu, na hakuurudisha. Baada ya muda akakumbuka habari za ng'ombe mwenyewe, akasema kati ya watu wazuri namna hii hakuna sababu ya kuvutana. Wakakubaliana! Wakapeana mikono! Kisha wote wakamgeukia Muhonja. Wakamshika mkono mmoja mmoja. Osiako akasema huyu mama apewe kuku wa kwenda naye nyumbani. Muhonja alikuwa ameshangaa kama mtu aliyeamshwa, lakini alipokea. Kuku pia alipokea.

Halafu Sydney. Alikuwa amevuta kidogo. Akainua kichwa, akautazama mrija wake. Akavuta tena, taratibu, akakizungusha kinywaji mdomoni kama inavyotakiwa. Kama inavyotakiwa! Akaniegemea, akaninong'oneza kwamba kuna mvinyo humu, Baba. Wa tunda gani? Aliyeutengeneza anajua kazi yake.

Nimesubiri sentensi hiyo maisha yangu yote. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Jina la tunda lilikuwa kwenye ulimi.

Cindy alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakuwa anamtazama Sydney. Alikuwa ananitazama mimi kwenye kile kiti, na alikuwa anatabasamu, tabasamu la utotoni ambalo sikujua bado analo. Nyuma yake alikuwa Ayuma, ananusa hewa.

Nikamwambia Sydney sijui. Amuulize Mama Muhonja.

Inauma. Inauma kuliko kisima, kuliko miwani. Nalala.

Jumapili, 17 Agosti

Asubuhi Awinja aliosha mabirika, akayakuta ndani yamegeuka rangi. Akamwonyesha Ayuma. Mimi nilichukua Biblia haraka.

Ayuma akaja na birika mkononi, akasimama mbele yangu. Nikamkumbusha kwamba birika si chupa. Aliuliza Sydney aliniambia nini pale kwenye chungu. Nikamweleza, neno kwa neno, maana nimelihifadhi. Akauliza mimi nilijibu nini. Nikamweleza hilo pia. Alilitazama birika, akarudi nalo jikoni. Nilisikia wanacheka kule ndani, yeye na mdogo wake.

Mchana alichinja kuku. Osiako akaja, kama kawaida yake akisikia kuku analia. Akakaa na sahani yake mbele, anangoja.

Firigisi ikaja kwangu.

Osiako akauliza kama kuna kosa limetokea. Ayuma akasema hakuna. Akampa shingo.

Nilitafuna polepole ili idumu. Nimelifikiria jambo hili alasiri yote, nimeligeuza huku na huku, na maana yake ni moja tu. Ayuma amekubali kwamba mvinyo wangu ni mzuri, na marufuku ya chupa imekwisha. Hakutamka, lakini mimi mke wangu namjua.

Jumanne, 19 Agosti

Muhonja amekuja dukani. Mjanja yule. Alilamba masalio ya chungu usiku ule ule, akajua yote. Alisema wakwe wamempigia simu, wanataka kinywaji kile kile kwenye harusi Desemba. Akasema tushirikiane. Yeye busaa, mimi zambarau, vyote vipashwe moto pamoja, na siku ya harusi atasimama mbele ya watu aseme nusu ya kazi ni ya Osundwa. Alitamka jina langu. Hakusema Baba Chupa.

Nilimshukuru. Nikamkatalia.

Nilimweleza kwa upole kwamba mvinyo haubandikwi motoni. Haunywewi kwa mrija. Haukutani na uji. Wale wazee waliusifu kwa sababu hawajui, na watu wasiojua hawapewi wanachotaka, wanafundishwa. Alinitazama kwa huruma sana. Akasema haya, Baba Chupa. Akaenda kuangalia kuku wake.

Nimechoka na watu.

Jumamosi, 30 Agosti

Habari njema! Kwa ajili ya harusi ninatengeneza mvinyo wa povu. Wa mananasi. Baridi. Ule unaochoma ulimi kidogo, halafu unacheka. Sydney ataangusha machozi.

Kazi yake ni rahisi. Unaongeza sukari nguru ndani ya chupa mvinyo ukiwa bado unachemka wenyewe bila moto, kisha unaziba usiruhusu hata hewa kutoka. Mwaka jana kosa lilikuwa kizibo kilicholegea. Sasa kila kizibo nimekifunga kwa waya wa redio, mizunguko ya kutosha, nikaukaza kwa koleo. Hiki hakiruki. Labda chupa yenyewe ndiyo iruke, na hilo haliwezekani.

Zinahitaji joto na utulivu. Stoo ni baridi, na Ayuma anaingia humo. Nimezipanga sebuleni chini ya kiti cha baba, nikashusha kitambaa mpaka chini. Alishakagua hapo, hatakagua tena. Na kiti ni changu.

Kesho baada ya ibada pasta anakuja kupanga mambo ya harusi. Ayuma anasema tumpe heshima yake. Nimeona sawa. Nitamkalisha pale pale kwenye kile kiti. Nimesikia ana miwani mipya.

Kuna kitu kimelia sebuleni sasa hivi, tii, kama nzi aliyebanwa. Ni waya tu unajikaza.